Dukani walimwambia mama ni macho yake, kumbe ni miwani: waranti ikiisha, haki yako nayo imeisha?

Wakuu, habari za mchana.

Nipo dukani kwangu hapa Bunda. Mvua imewafukuza wateja, nimebaki na redio na simu, nikaona bora nilitue hili jambo ambalo limenikaa kifuani tangu mwezi uliopita.

Mengi ya nitakayosimulia nimeyaona mwenyewe. Ambayo sikuwepo nimeyapata kwa mama na kwa shemeji yangu, na nikifika hapo nitasema ni ya kusikia. Sitatia chumvi. Jina la duka silitaji, kwa hiyo msihangaike kunifuata PM. Mkifika mwisho mtaelewa kwa nini.

Kwanza mnifahamu kidogo. Nauza vifaa vya sola: paneli, betri, taa, na vile vidude vya kuchajia simu. Waranti nazitoa kila siku. Tena ukutani kwangu kuna lile bango mnalolijua wote, "Mali ikishauzwa hairudishwi". Haya mambo nayaona kutokea upande wa ndani wa kaunta. Mlikumbuke hilo, maana sijaja hapa kuwatukana wafanyabiashara.

Mama yangu anaishi kijijini, wilaya ya Butiama. Yupo na shemeji, mke wa kaka yangu, na wajukuu. Kaka mwenyewe yuko kisiwani Rukuba kwenye uvuvi, nyumbani anaonekana mara chache.

Mama ni mkulima, ana ng'ombe wachache, na ndiye msomaji wa jumuiya. Wakatoliki wenzangu mnaelewa: kila wiki mnakutana nyumba ya mtu, mnasali, na lazima awepo wa kusoma Neno kwa sauti. Miaka yote ninayoikumbuka mimi, huyo mtu ni mama. Shule aliishia njiani, lakini akianza kusoma hata watoto wanaacha kuchokozana.

Basi mwaka juzi, baada ya mavuno, nikampeleka Musoma tukamnunulie miwani ya maana. Aliyokuwa nayo ilikuwa ya mnadani, zile unazojaribu moja moja mpaka upate inayokukubali, na mkono mmoja ulikuwa umefungwa uzi.

Tukaenda duka moja mtaa wa Mukendo. Duka safi, lina kiyoyozi, vioo kila ukuta. Akatupokea kaka mmoja amevaa koti jeupe. Akamkalisha mama kwenye mashine, akampima, akatushauri lenzi zile zenye kidirisha chini: juu unaonea mbali, chini unasomea. Akasema tuongeze na tabaka la kuzuia mng'ao, kwa sababu mama anashinda juani. Nikakubali. Waranti mwaka mmoja, fremu na lenzi.

Mama akamwambia, "Asante dokta."

Kaka wa watu hakumsahihisha. Hata mimi sikuona la kusahihisha. Kwetu huku ukivaa koti jeupe na ukamwangalia mtu jichoni, wewe ni dokta, habari imeisha. Ila hilo neno mliweke pembeni, litarudi.

Tulipotoka, mama alisimama barazani akaanza kusoma mabango ya barabarani kwa sauti. La saluni, la wakala wa pesa, la fundi cherehani. Watu wanapita wanamwangalia, yeye hana habari nao. Nilifurahi sana siku ile.

Halafu akaivua. Akaifunga kwenye kitambaa, kitambaa kwenye kiboksi, kiboksi kwenye mkoba. Akavaa ile ya uzi.

Nikamuuliza, mama mbona unavua? Akasema, "Hii ni ya kutokea, tata. Siwezi kuvaa hii nikaenda nayo zizini."

(Ananiita tata kwa sababu nimerithi jina la baba yake.)

Wakuu, najua humu wengi mna mama wa hivi. Kwetu kitu kizuri hakitumiki, kinawekwa. Mablanketi mazuri yako chini ya kitanda yanasubiri mgeni ambaye hajazaliwa. Chupa ya chai bado ina karatasi la dukani. Kuna sahani za kabatini sikuwahi kuzilia mimi mpaka nilipooa, na hapo ni kwa sababu wakwe zangu walikuwepo. Miwani nayo ikaingia kwenye utaratibu huo huo. Krismasi inatoka, Pasaka inatoka, kipaimara inatoka, harusi inatoka. Siku za kawaida, hata jumuiya, ni ile ya mnadani.

Na waranti, kama mjuavyo, haiangalii umeivaa mara ngapi. Inaanza kuhesabu siku uliyolipa. Ikahesabu mpaka ikaisha, miwani imelala kabatini kwenye kitambaa chake.

Muda kidogo baada ya hapo, mjukuu mmoja aliikalia ile ya uzi. Safari hii uzi haukusaidia. Ndipo mama, kwa kulazimika, akaanza kuvaa ile nzuri kila siku.

Wiki chache tu, ukungu.

Kuanzia hapa ni ya kusikia, maana mama hakuniambia kitu. Alianza kuona weupe mbele yake. Kwanza akadhani ni vumbi, akafuta na kanga. Haukutoka. Akaosha kwa maji na sabuni. Haukutoka. Jumuiya moja alisoma anakwama, akaruka mstari, mwenyekiti akamwambia mama pumzika leo asome kijana. Hilo lilimuuma kuliko ukungu wenyewe.

Akamwomba shemeji amsindikize Musoma. Walipofika Mukendo, shemeji akaenda sokoni kununua dagaa, mama akaingia dukani peke yake.

Yule kaka wa koti jeupe akaichukua miwani, akaigeuza mara moja, akauliza risiti. Akaiangalia, akasema waranti imeisha. Mama akamwambia sawa, lakini sioni vizuri, kuna ukungu. Akajibiwa hivi, na haya maneno mama ameyarudia kwangu zaidi ya mara moja bila kuyabadilisha:

"Mama, miwani haina shida. Ni macho yako yameshuka, umri umeenda. Ukija na hela tutakupima upya tukutengenezee nyingine."

Mama akasema, "Sawa dokta." Akatoka.

Sasa ili mwelewe uzito wa hiyo sentensi, lazima mjue jambo moja. Bibi yangu, mama yake mama, alifariki akiwa kipofu. Macho yalimwishia taratibu, akiwa na umri kama wa mama sasa hivi. Mama ndiye alikuwa anamshika mkono. Kwa hiyo aliposikia macho yameshuka, yeye hakusikia habari ya kununua miwani nyingine. Alisikia kwamba zamu yake imefika, na imesemwa na daktari.

Shemeji aliporudi na dagaa wake akamuuliza wamesemaje. Mama akamjibu hawajasema kitu, twende.

Wakuu, hapa nataka niende taratibu.

Miezi iliyofuata kulikuwa na mambo ambayo kila moja lilikuwa na maelezo yake ukilitazama peke yake. Mama aliacha kusoma jumuiya moja kwa moja, akasema sauti imechoka. Ufunguo wa ghala akampa shemeji, akasema na wewe sasa ni mtu mzima wa nyumba hii. Kuchagua mbegu za maharage, kazi ambayo hajawahi kumwamini mtu nayo, akawaachia wajukuu.

Nilienda na familia kumsalimia. Binti yangu mdogo aliposhuka kwenye bodaboda, mama akamwita mlangoni penye mwanga, akamshika mashavu, akamtazama muda mrefu mpaka mtoto akaanza kucheka. Akamfanyia hivyo na kaka yake. Akamfanyia na mke wangu, ambaye aliona aibu kabisa. Usiku mke wangu akaniambia mama yako amekuwa na upendo sana siku hizi. Nikasema ni uzee.

Siku moja shemeji akanipigia. Shemeji yangu si mtu wa kupiga simu hovyo. Akaniambia, "Shem, njoo umuone mama. Jana ameniambia tufunge kamba."

Nikamuuliza kamba ya nini.

"Kutoka mlango wa nyuma mpaka chooni."

Kesho yake asubuhi nikafunga duka. Nikapanda gari mpaka njia panda, bodaboda mpaka nyumbani. Sikuingia ndani, nilizunguka nyuma. Kamba ilikuwepo kweli. Kamba ya katani, ile tunayofungia ndama, imefungwa kwenye nguzo ya mlango, ikapita kwenye mti wa mpapai, ikaishia kwenye choo. Kimo cha mkono wa mama. Na yeye nikamkuta anatoka chooni, miwani haijavaliwa, amefumba macho, ameishika kamba, anatembea.

Anafanya mazoezi.

Alipofika mlangoni akafumbua macho akaniona. Wala hakushtuka.

"Umekuja, tata."

Nikamuuliza mama hii ni nini. Akaniambia kama mtu anayeeleza habari za mvua. "Macho yananiacha. Dokta alishaniambia tangu kipindi kile. Mama yangu yalimkuta hajajiandaa, akawaga anagonga kuta mpaka anavimba paji. Mimi nimesema nijiandae nikiwa bado naona."

Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Akasema ungehangaika bure, una watoto wa kusomesha.

Na wale wajukuu mlangoni, nikamuuliza, ulikuwa unafanya nini?

"Nilikuwa nazihifadhi sura zao."

Nililia wakuu. Sina sababu ya kuwaficha. Nililia nikiwa nimeegemea ule mpapai, na mama ndiye akawa ananibembeleza.

Nilipotulia nikamwomba ile miwani. Nikaiinua juani. Haikuhitaji elimu yoyote. Lenzi zote mbili, juu mpaka chini, zilikuwa na mipasuko midogo midogo iliyosambaa kila mahali kama tope la bwawa lililokauka. Ukipitisha ukucha unasikia. Ndiyo ulikuwa ukungu wenyewe.

Nikamwambia mama, tatizo ni miwani. Vua, niambie unaona nini kule ng'ambo. Akasema naona ng'ombe wa jirani, lakini siwatofautishi. Nikamuuliza zamani, kabla ya miwani, ulikuwa unawatofautisha? Akafikiri. Akasema hapana.

Nikamwambia basi macho ni yale yale.

Akanitazama kwa huruma kabisa. "Wewe unauza sola, tata. Yule ni daktari."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba maneno ya dukani hayafutiki kwa maneno ya mwanawe. Nikampeleka hospitali, Musoma, kitengo cha macho. Tulisubiri foleni kama watu wengine. Mama alikuwa ameshika rozari muda wote, na nilijua anaomba nini.

Aliyempima mama alikuwa daktari mwanamke, mtu mzima, mpole, asiye na haraka. Akamwekea ile fremu nzito ya kubadilishia vioo, akawa anauliza hii au hii, hii au hii. Kisha akamwambia asome ubaoni. Mama akasoma. Akashuka mstari, akasoma. Akashuka tena. Sauti ikaanza kurudi ile ya jumuiya. Alipofika kwenye herufi ndogo kabisa zile anazoweza, akageuka kunitafuta nilipokaa.

Daktari akasema, "Mama, macho yako ni ya umri wako. Hayajaenda popote. Uje nikuone mara moja kwa mwaka, basi." Akaichukua ile miwani, akaitazama chini ya taa yake, akasema tabaka la juu limepasuka, hii hata mimi nikiivaa nitaona ukungu.

Mama akamuuliza, "Kwa hiyo siwi kipofu?"

"Kwa hiki ninachokiona leo, hapana mama."

Akatoa kitambaa akafuta uso. Tulipotoka nje akaniambia njaa inauma. Tulikula sangara na ugali pale karibu na soko, na mama alimaliza sahani yake.

Sasa tuje kwenye haki, maana najua kuna wengine mmevumilia yote haya mnasubiri point.

Tukiwa tunakula nilimpigia mdau mmoja aliyesoma sheria, tulifahamiana humu humu jukwaani. Nitaeleza alivyoniambia kwa lugha yangu. Mimi si wakili, msije mkaniita mahakamani.

Alisema waranti ni ahadi ya muuzaji aliyoongeza mwenyewe, juu ya kile ambacho sheria inakupa tayari. Sheria ya mauzo inataka kitu ulichouziwa kiwe na ubora wa kukubalika na kifae kwa kazi uliyokinunulia. Kama kasoro ilikuwa ndani ya kitu tangu kinauzwa, haigeuki kuwa kosa lako kwa sababu tarehe imepita. Na bango la ukutani halifuti sheria. Lakini akanionya: ndani ya waranti huulizwi sana, ikishaisha wewe ndiye wa kuonyesha kwamba kasoro ni ya kitu na si ya matumizi. Ukiona tatizo usikae nalo, kila siku unayokaa inampa muuzaji neno la kusema. Na usitegemee kitu kidumu milele, kila kitu kina umri wake.

Nikamuuliza, na akikataa? Akasema kuna vyombo vya serikali vinavyomlinda mlaji, na kuna mahakama, lakini anza kwa kuongea naye kwa adabu, mengi yanaishia hapo.

Tukaenda Mukendo. Njiani nilikuwa na hasira ya kubomoa mlango. Ila nimekaa nyuma ya kaunta miaka mingi, najua mteja anayeingia anapiga kelele anavyotusaidia sisi wauzaji. Tunamtazama tu mpaka achoke, halafu anaonekana yeye ndiye mkorofi.

Nikaingia taratibu, nikasalimia. Yule kaka alikuwepo, na koti lake. Nikamwekea miwani mezani.

Akasema, "Kaka, hii waranti iliisha. Nilishamwambia mama."

Nikamwambia najua imeisha, sijaja kwa waranti. Nimekuja kwa sababu lenzi zilikuwa na kasoro mlipotuuzia. Akasema hayo ni matumizi, watu wa vijijini wanaweka miwani jikoni kwenye moshi, wanafutia kanga, wanaacha juani, halafu wanatulaumu sisi. Kusema kweli, kama ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo. Kuna watu wanaletaga betri kwangu wameiosha.

Hapo ndipo ile tabia yetu ya kuweka vitu, iliyotumalizia waranti, ikageuka ikatusaidia.

Nikamwambia, iangalie fremu. Akaigeuza. Vile vipira vya puani bado ni vyeupe kabisa. Mikono haijalegea hata kidogo. Kile kistika kidogo cha ndani ya mkono, ambacho mteja yeyote anakitoa siku ya kwanza, bado kipo, mama hakukitoa asije akaharibu. Nikamwambia, hii miwani mwaka mzima ilivaliwa Krismasi, Pasaka, kipaimara na harusi. Jikoni haijawahi kufika. Imeanza kuvaliwa kila siku wiki chache tu kabla ya ukungu, na kanga imeifuta baada ya ukungu, si kabla. Nitajie ni matumizi gani yamepasua lenzi na yakaacha kistika.

Akaiangalia tena. Safari hii aliipeleka dirishani.

Nikamuuliza kwa sauti ya chini, kwa sababu kulikuwa na mteja mwingine: kwenye mzigo ule wamerudi wengine?

Hakunijibu. Ila na mimi nanunua mzigo Mwanza, nikakijua kile kimya. Nikamwambia, kaka, hata wewe uliuziwa. Nenda kamdai aliyekuletea mzigo, naye ana lake la kujibu. Lakini hasara isiishie kwa mama yangu.

Akakuna kichwa. Akasema labda atupe punguzo la nusu kwenye lenzi mpya. Nikawa nafungua mdomo nikatae, mama akanigusa mkono.

Muda wote alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani. Akamwita.

"Dokta."

"Naam, mama."

"Siku ile nilipokuja peke yangu, uliniangaliaga macho?"

Kaka akanitazama mimi. Akamtazama mama.

"Hapana, mama."

"Uliangaliaga miwani?"

"Kidogo."

"Basi ulijuaje kwamba ni macho?"

Kaka akaishika tena ile miwani, akairudisha mezani.

Akasema, na nampa heshima yake kwa kulisema, "Mama, mimi si daktari. Nimesomea kidogo kupima, lakini hasa ni muuzaji."

Mama akatikisa kichwa taratibu. "Ungeniambia siku ile. Kwetu nilishafunga kamba ya kwenda chooni."

Hakumwelezea zaidi. Sidhani kama yule kaka alielewa yote, ila alielewa ya kutosha, maana alivua lile koti akalitundika kwenye kiti. Akachukua simu akatoka nje. Tukamwona kupitia kioo anaongea, anarusha mikono. Aliporudi akasema lenzi mpya zitakuja, hatutalipa kitu, fremu itabaki ile ile kwa sababu haina kosa. Gharama za hospitali na nauli sikumdai. Pengine ningeweza, wanasheria mtanisahihisha. Mimi niliona tulichofuata tumekipata, na mtu akikiri kosa mbele ya mteja mwingine ameshalipa kitu.

Ndiyo maana jina la duka silitaji.

Tuliporudi kuchukua miwani, alimpima mama upya, akalinganisha na karatasi ya hospitali, akamvalisha mwenyewe. Mama akatazama nje barabarani kama siku ile ya kwanza. Halafu akageuka akanitazama mimi, akanishika mashavu, akanisogeza kwenye mwanga.

"Tata, kumbe una mvi."

Nikamwambia zipo siku nyingi, mama.

"Nilikuhifadhi huna," akasema, akacheka mpaka yule kaka naye akacheka.

Nilichojifunza sitakipanga kwa namba. Ukinunua kitu, kitumie. Kitumie kila siku tangu siku ya kwanza, kasoro ionekane mapema wakati ahadi ya muuzaji ingali hai. Tukiendelea kuweka vitu kabatini tunamtunzia muuzaji amani yake. Waranti ikiisha usifyate mkia, uliza kilichoharibika kimeharibikaje. Na mtu akikuuzia kitu, halafu kitu kikasumbua, halafu akakwambia mwenye tatizo ni wewe, mwili wako, umri wako, katafute mtu mwingine asiye na cha kukuuzia akutazame.

Sisi wauzaji nasi tuchunge midomo. Kusema "waranti imeisha" kunamkera mtu. Yale mengine tunayoongeza ili aondoke haraka, hatujui anaenda nayo wapi.

Bango langu bado lipo ukutani, nisiwadanganye. Nimeongeza mstari chini kwa mkono: "Kama ina kasoro, njoo tuongee." Wiki iliyofuata alikuja mzee na betri. Tuliongea. Haikuwa imeoshwa.

Mliowahi kupambana na muuzaji baada ya waranti kuisha, iwe miwani, friji au simu, semeni mliishiaje. Wanasheria, pale nilipokosea nirekebisheni, nitasoma kila jibu mvua ikiendelea hivi.

NYONGEZA: Naona wengi mnauliza ile kamba. Nilimwambia shemeji aifungue siku ile ile tuliyorudi na miwani. Mama akakataa, akasema imekaa mahali pazuri, jua linafika. Nilipoenda Jumapili nilikuta ameanika juu yake mablanketi ya chini ya kitanda, yote, ameyafua. Usiku huo nililalia mojawapo. Na yeye alikuwa amekaa nje, miwani usoni, anachagua mbegu za maharage, hataki mtu amsaidie.